Pale Peupe Chukwani

...na kwa nini kapewa yeye kalamu ya kijani, katika watu kumi na wawili ukumbini mkufunzi Bi Ghaliya kamchagua yeye, Hamed, aende ukutani kwenye ramani apake rangi kila mahali panapowanufaisha watu bila ya mtu kupalima wala kupajenga, siku ya tatu leo maafisa mipango wanafundishwa kuwa mikoko inafanya kazi, inazuia bahari, inalea samaki, inakinga visima visiingie chumvi, na yeye siku zote tatu anaitikia kwa kichwa na jicho liko pale Chukwani, pale peupe ufukweni palipoandikwa "hakuna kitu", mwandiko ni wake... "Bwana Hamed, tunakungojea," naam, anakuja, miguu ndiyo haiji, anaogopa, wallahi hajapata kuogopa hivi, Ijumaa ile alikwenda kukagua na kanzu ya sala keshaivaa, nyeupe, imepigwa pasi, akalitazama tope la mikokoni, msikitini ataingia vipi na tope magotini, akakaa zake barazani kwa mwenyeji, akaletewa mkate wa kumimina na chai ya tangawizi, akaandika huko huko barazani, hakuna kitu, na sasa mchoro uliotokana na maneno yake hayo uko mezani kwa mkurugenzi, Jumatatu unatiwa saini, mikoko ikatwe pajengwe hoteli, akisema kweli kazi hana, na asiposema... usigeuke, Hamed, nyuma kakaa Bi Mwatima, mwenye baraza ile, kaalikwa aje aeleze habari za pwani yake, asubuhi alipomwamkia shikamoo aliitikia marahaba mwanangu, akamtazama, kamjua, hakumjua, kamjua... "Bi Mwatima, hapa kwenu peupe, kweli hapana kitu?" anauliza Bi Ghaliya, basi, yamekwisha, atasema huyu kala kwangu na ufukweni hakushuka, na aseme, bora aseme bibi... "Hee, si ndipo tunapookota chaza, mwanangu, na kisima chetu kipo hapo nyuma. Lakini huyu bwana msimlaumu. Alikuja, nlimwona. Siku ile maji yalijaa sana, hakuonekana kitu," yalijaa? maji yalikupwa, tope lilimeta mpaka kule mbali, anajua, na bibi anajua, bibi wa watu kasema uongo mbele ya kadamnasi kumsitiri mgeni wake, na wenzake wanatikisa vichwa, ndiyo, hutokea, Bi Ghaliya anatabasamu, kasalimika, apake kijani hapa akae, ramani ya mafunzo haina saini, mchoro wa ofisini uende zake, nani atauliza... na hapo ndipo anapoogopa kweli, kwa sababu atanyamaza, anajijua, atanyamaza na wote watamwamini, na bibi atachota maji ya chumvi na hatamlaani hata siku moja, ubaya wa mkurugenzi una mwisho, kazi hupotea na nyingine hupatikana, lakini huyu mtu aliyesimama hapa na kalamu, kinywa kakifumba, huyu atakwenda naye wapi, Ya Rabbi, ndiye wa kuogopwa... "Bwana Hamed?" kifuniko cha kalamu hakijatoka, watu wanangoja, "Naam," anaitika, na anageuka nyuma, kwa Bi Mwatima.