Kome Thelathini Wengine

Kome wa kwanza alipofunguka, mpimaji wa maabara ya uvuvi aligeuza uso. Nyama iliyopaswa kuwa nyeupe ilikuwa ya kijani, kama shaba iliyoota kutu, na harufu yake ilimkaa kooni. Aliwapima wote thelathini. Wote walijaa madini ya risasi na zebaki, sumu iliyomwagwa na bomba la kiwanda cha betri.

Kuwapata hao thelathini kulimtoa jasho. Shangazi yake, aliyeokota kome katika hori lile la maji ya chumvi tangu usichana wake, ndiye aliyemwongoza, akipapasa tope kwa nyayo. Zamani ilikuwa kuinama tu na kujaza kikapu. Safari hii walihangaika siku mbili, na walipomaliza lilibaki fungu moja hai, kome arobaini hivi. Aina ile haipo kwingine.

Majibu yalipofika kiwandani, akaja afisa mazingira wao, ambaye watu walimwita Bwana Marashi kwa jinsi alivyonukia tangu getini. Alikaa ukingoni mwa kiti, asije akachafua suruali.

"Dada, kazi nzuri. Ila thelathini ni wachache. Chukua thelathini wengine, tuthibitishe."

"Wamebaki arobaini tu, bwana."

"Basi si watatosha?" Akatabasamu.

Mate yalimjaa mpimaji kinywani, yale ya mtu anayetaka kutapika. Kumbe hesabu ndiyo hiyo! Kome wakiisha, hakuna tena wa kulindwa.

"Sitoi hata mmoja."

"Bosi wako anajua unavyojibu wageni?"

"Kamwulize."

Kesho yake asubuhi Shangazi akapiga simu. "Mwanangu, njoo upesi. Watu wa kiwanda wamekuja na majembe."

Fungu lote lilikuwa limefukuliwa. Ukingoni palikuwa na gunia la kome lililotupwa juani, maji meusi yakichuruzika, nzi wakijipigia karamu. Waliowafukua hawakuwa na haja hata ya kuwapima. Shangazi akazamisha mkono humo hadi kwenye kiwiko.

"Shangazi, vaa glavu kwanza!"

"Glavu? Nimewala miaka hamsini, leo ndiyo niogope kuwashika?"

Waliokuwa bado hai ni tisa. Wakawabeba kwa ndoo mpaka kwenye tangi la maabara. Mpimaji akalipiga picha gunia, akaiambatisha na majibu yake, akatuma wizarani na kwa kila gazeti alilolijua, bila kumwomba mtu ruhusa.

Bomba lilizibwa kwa amri ya wizara. Kwenye tangi kome wanne walikufa, watano wakashika uhai. Baada ya miezi miwili zikaja habari za Bwana Marashi: amehamishiwa kiwanda kingine cha kampuni ile ile, tena kwa cheo kikubwa zaidi.

Mpimaji alisoma, akashika tumbo.

"Katapikie nje," Shangazi akasema, akiendelea kubadilisha maji. "Hapa kuna wagonjwa."