Homa ya Kusingiziwa

Saa kumi na mbili asubuhi, mpokea simu wa hospitali alikuwa ameketi sebuleni kwa dada yake, raba miguuni, helmeti mapajani, namba yake imebanwa kwa pini kifuani. Nje mvua ilikuwa inamwagika kama imekodiwa. Haikumtisha. Alikuwa amejiandaa miezi mitatu kwa msafara ule wa baiskeli, wa kuchangia mashine ya kuchapa vitabu vya nukta nundu kwa ajili ya shule ya wasioona, ile ile iliyomfundisha kusoma kwa ncha za vidole alipokuwa na miaka saba. Kilomita arobaini. Shemeji yake, fundi wa kuchomelea vyuma, angekaa mbele ashike usukani. Yeye angekaa nyuma na kukanyaga. Baiskeli ya viti viwili fundi aliiunga mwenyewe kutokana na mbili kuukuu.

Akasikia hatua za shemeji zikija. Ndala, si viatu.

"Shem, mbona ndala?"

"Hatuendi," fundi akasema. "Si unaisikia hiyo mvua?"

"Wameahirisha?"

Fundi akakohoa. "Wao wanaenda. Sisi ndio hatuendi."

"Nani kaamua?"

"Anayeendesha ni mimi."

"Na mimi ni gunia la mkaa, sivyo? Limefungwa nyuma kwa kamba?"

Dada mtu akaingilia kutoka jikoni. "Mdogo wangu, mwenzio anakuonea huruma."

"Asinionee huruma. Aniulize!"

Fundi alitoka zake kuelekea karakana iliyokuwa nyuma ya nyumba. Mpokea simu akabaki pale pale. Chai aliyoletewa ikapoa mezani. Dada yake alipomsihi avue viatu apumzike, alisema hajachoka, achoke na nini?

Saa tatu kasoro simu ikaita. Alikuwa nesi wa wodi ya watoto, rafiki yake, aliyekwenda kugawa maji pale msafara unapoanzia.

"Pole jamani. Homa imeshuka?"

"Homa gani?"

"Si uko hoi kitandani? Shemeji yako kawatumia waandaaji ujumbe. Wametangaza kwa kipaza sauti, watu wote wakakupa pole."

Masikio yakamwaka moto. Aliaga, akasimama, akashika ukuta wa korido, akatoka uani bila mwavuli. Hatua kumi na nne hadi karakana. Alipofika mlangoni nywele zilikuwa zinachuruzika.

"Mimi nina homa?"

Nyundo ikanyamaza.

"Nakuuliza, shem. Nina homa?"

"Sasa ningewaambia nini?"

"Kwamba umeogopa! Neno moja tu. Umeshindwa kujisingizia ugonjwa wewe mwenyewe? Mgongo, jino, chochote? Lazima niugue mimi?"

"Mimi nina wateja," fundi akasema kwa sauti ya chini. "Wangenicheka."

"Na mimi nina nini? Watu mia mbili wameambiwa yule kipofu kalala, hawezi. Na wameamini papo hapo, maana ndivyo wanavyotegemea!"

Fundi akavuta stuli, akakaa. Ndipo alipotoa yaliyokuwa yanamkaba. Jumamosi iliyopita, kwenye mazoezi, gurudumu la nyuma liliteleza darajani na nusura wote wawili waingie mtoni.

"Uliniambia ni shimo," mpokea simu akasema.

"Sikutaka uogope. Tangu siku hiyo silali vizuri. Nikikuangusha, watu watasema kamuua kipofu wa watu."

"Kipofu wa watu!" Alipiga meza ya chuma kwa kiganja mpaka misumari ikaruka. "Hiyo ni mara ya pili umenidanganya. Ungeniambia ukweli, labda hata mimi ningesema leo tubaki. Labda! Lakini ningesema mimi, kwa mdomo wangu."

Akatoa simu, akampigia mwandaaji, akanyoosha mkono wenye simu gizani mwake kuelekea pale ilipotoka sauti ya shemeji.

"Sema."

"Shem, tafadhali…"

"Nitasimama hapa mpaka jioni. Sema."

Fundi akaipokea. "Halo. Hapana, hana homa. Hajaumwa kabisa. Ni mimi… niliogopa mvua." Akasikiliza kidogo, akarudisha simu. "Anasema wengi wameogopa. Hata mwenyekiti wao yuko ndani ya gari lake, kapandisha vioo."

Dada mtu, aliyekuwa mlangoni na taulo, aliangua kicheko. Mpokea simu hakucheka. Alichukua taulo, akajifuta uso, akarudi ndani akihesabu hatua.

Saa tano mvua ilikatika na jua likatoka kali, jambo lililozidi kumuudhi.

Wiki mbili baadaye nesi alikubali kujifunza kiti cha mbele. Waliangukia pale pale uani mara mbili, wakachubuka magoti, na mpokea simu alilipapasa goti lake kwa fahari, kwani safari hii aliambiwa tangu mwanzo kwamba wataanguka. Nesi alikuwa mrefu, kiti kikamkataa. Fundi alitoka karakana bila kuitwa, akakipandisha kwa spana, kisha akabaki amesimama.

"Shem, Jumamosi mimi nina nafasi," akasema.

"Kaza vizuri hiyo nati," mpokea simu akajibu, akapanda nyuma na kutafuta pedali kwa mguu.