Mtoto wa Kesi ya Nne

"Mama, usinizungushe kama wanafunzi wako. Nani aliniuliza?"

"Punguza sauti. Majirani wanasikia."

"Wasikie. Ukurasa wa kumi na mbili, kesi ya nne. Wazazi wote walimu, wameachana, mtoto wa kike wa miaka tisa. Si mimi huyo?"

Mama, mhadhiri wa sheria, alivua miwani. Alikuwa amempa bintiye makala ile amkagulie tanbihi tu, kabla ya kuirudisha kwa mhariri wa jarida la sheria mchana huo. Ikipita hiyo, uprofesa umeiva. Miaka sita alichunguza haki ya mtoto kusikilizwa wazazi wanapoachana, akapekua majalada ishirini na mawili ya mahakama. Majina yote aliyaficha, lake likiwemo.

"Ni wewe. Lakini hakuna atakayejua."

"Mimi najua. Umeandika mtoto alihojiwa na afisa ustawi wa jamii, akachagua mama. Siku ile nilikaa kwenye benchi la nje na pakiti ya biskuti. Hata mlangoni sikufika."

"Ripoti ya afisa ndiyo inavyosema."

"Na afisa alimsikia nani?"

Mama alimkumbuka afisa, kalamu mkononi, foleni ndefu nje: mtoto anamtaka nani? Akajibu yeye, upesi, "Ananitaka mimi," akijiambia anamwepushia mtoto usumbufu. Afisa akaandika. Miaka baadaye akaiokota sentensi ileile jaladani, akaiwekea tanbihi, kama mtu asiyejua ilikotoka.

"Baba aliisoma ripoti," binti alisema, sauti imeshuka. "Ndiyo maana hakuja tena. Alidhani nimemkataa."

"Najua. Nikaona afadhali. Nyumba ilitulia."

"Ilitulia kwako."

Mama angeweza kuifuta kesi ya nne, zikabaki ishirini na moja, na mchana ukapita salama. Lakini mtu aliyejitungia ushahidi mmoja, nani atamwamini kwa ule mwingine? Akaivuta kompyuta, akamwandikia mhariri barua pepe: *Naiondoa makala yangu. Katika kesi ya nne mtoto hakuulizwa. Nilimjibia mimi, mama yake.*

Kwenye nafasi ya nakala akaweka anwani ya baba wa mtoto. Binti alisogea, akasoma juu ya bega lake.

"Atakuchukia, mama."

"Ana haki yake," mama alisema, akaituma.