Anayehudumiwa Ndiye Atoe Alama

Jumatatu asubuhi, katika jumba dogo la makumbusho upande wa Lanet, Chepngeno wa ofisi ya wafanyakazi alichovya andazi kwenye chai akipanga jinsi ya kuwapima wenzake. Mkurugenzi, Bwana Kibii, alitaka kipimo kimoja: mgeni amemsifu nani. Asiyesifiwa, kazi imeisha.

"Na Truphosa?" aliuliza Chepngeno. "Anapanguza vioo kabla hatujafungua. Wageni watamjulia wapi?"

"Madam, fomu ni fomu."

Truphosa alilisha nyumba nzima kule Kaptembwo kwa kitambaa kile cha vumbi. Chepngeno akafuta "mgeni", akaandika "anayehudumiwa". Kibii akatia sahihi bila kusoma, kama kawaida yake.

Kabla ya chakula cha mchana, bibi wa chumba cha pili alitoka kwenye kabati lake la kioo. Alikuwa mifupa mitupu, aliyefukuliwa kilimani kabla ya uhuru, na alichechemea kwa sababu goti lake moja lilishikizwa kwa waya. Chepngeno akamvutia kiti.

"Karibu, kogo, bibi yetu. Umekuja kwa ajili ya Truphosa?"

"Yule hubisha kabla ya kufungua," bibi alisema. "Huniita bibi kwa lugha ya kwao: 'Hodi, kukhu, nikupanguze uso.' Halafu hungoja nimjibu. Mpe alama zote."

Chepngeno akampa zote.

Kibii, aliyekuwa amesimama mlangoni, akanyoosha tai. "Na mimi, mathe?"

"Wewe ni nani?"

Chepngeno akaandika sufuri.

Truphosa alipoziona alama zake, aliweka ndoo chini akapiga vigelegele hadi vioo vikatetemeka. Masinde wa getini aliacha geti wazi akaja kucheza. Barua ya ajira ya kudumu ilitoka siku hiyohiyo, na Kibii aliitia sahihi, safari hii akisoma kila mstari.

"Na mimi narudi lini kilimani?" bibi aliuliza.

Wakaigeuza fomu mbele na nyuma. Hapakuwa na sehemu hiyo. Kibii akasema jambo hilo litaangaliwa mwaka ujao, kama alivyosema mwaka jana.

"Twende, kukhu," alisema Truphosa. Akabisha kwenye kioo, ingawa bibi mwenyewe alikuwa amesimama kando yake, akangoja.

"Fungua," bibi akamwambia, akapanda, akalala.

Vigelegele vilipoanza tena huko nje, Chepngeno alimjazia bibi naye fomu yake. Kwenye mahudhurio akaandika: hajakosa hata siku moja.