Suruali ya Jumamosi

Daktari hakuwa mtu wa maneno mengi. Alisoma karatasi za vipimo, akamtazama Fundi juu ya miwani, akamwambia sukari yake imepanda na uzito wake ni kilo mia moja na nne. Ana miezi mitatu ya kupunguza kilo tano. Akishindwa, ataanza sindano, kila siku, na hakuna wa kumwambia ataziacha lini.

Mkewe alikuwa ameketi kando, mkoba mapajani, na kila neno lilimwingia. Baba yake mzazi alikufa kwa sukari. Ilianzia kwenye kidole kimoja cha mguu, ikapanda. Fundi yeye aliondoka pale na maneno mawili tu, miezi mitatu, akaona ni muda wa kutosha kulala na kuamka mara nyingi.

Ushauri wenyewe haukuwa wa kuhamisha mlima. Nusu ya sahani iwe mboga. Chai bila sukari, soda aache. Atembee nusu saa kila siku. Ale akiwa ameketi mezani, si huku anashona. Haukuwa na uchawi wala gharama, na labda ndiyo maana Fundi hakuuamini. Mtu mzima, fundi wa suti mwenye miaka thelathini kwenye cherehani, aambiwe ale mboga kama sungura?

Hata hivyo alianza kwa kishindo. Siku tano alikula matango na kunywa maji ya ndimu, na nyumba nzima ikajua. Duka lao lilikuwa chumba cha mbele, yeye akikata na kushona, mkewe akimalizia kwa mkono: pindo, vifungo, mishono ya ndani. Mwenye njaa hana miiko, na Fundi hakubakiza hata mmoja. Alimwambia bibi harusi kwamba mabega yake hayalingani. Alimfokea mkewe kwa kupumua karibu na sikio lake. Ijumaa alikata mkono wa koti mfupi kuliko mwenzake, kisha akalilaumu koti.

Mizani hakutaka kununua. Alikuwa na suruali ya kijivu, aliyojishonea mwenyewe miaka iliyopita, na akatangaza kwamba kila Jumamosi asubuhi ataivaa, na hiyo ndiyo itakayompima.

"Mizani ni chuma tu," alisema. "Kitambaa kinakujua."

Jumamosi ile ya kwanza kitambaa kilimjua vizuri. Kifungo na tundu lake vilitazamana kwa mbali, vikagoma kukutana. Fundi alivuta pumzi, akavuta tena, akawa mwekundu wa macho. Kisha alikaa kitandani na suruali wazi. Saa nne akaenda kwa muuza mikate, akarudi na mkate mzima na kopo la jemu, akaumaliza akiwa amesimama.

Mkewe alimwonea huruma, na huruma ndiyo iliyomponza. Fundi alipokwenda kuoga, aliigeuza suruali, akafumua mshono wa nyuma kiunoni. Mle ndani mlikuwa na kitambaa cha akiba, upana wa vidole vitatu, maana fundi mwenye akili humwachia mteja nafasi ya kunenepa. Akaachia upana wa ukucha, akashona tena, akapiga pasi. Alijiambia ni mara moja tu, amtie moyo.

Jumamosi iliyofuata kifungo kikafunga. Fundi aliimba. Alimkumbatia mkewe, akawasamehe wateja wote, akala bakuli zima la mboga bila kulalamika. Mke akaona dawa imefanya kazi. Hakuna kitu kibaya kama kosa linaloanza kwa kuleta matokeo mazuri.

Maana tangu siku hiyo Fundi akawa bingwa. Sahani aliyokuwa akilia chakula akaibadilisha na kubwa zaidi, ili nusu ya mboga ipate nafasi, na nusu ya pili nayo isijione imeonewa. Sukari kwenye chai aliacha kabisa, akatia asali, vijiko vinne.

"Asali si sukari," alimwambia mkewe. "Ni ua hilo, limepitia kwa nyuki."

Soda akaacha, akawa anakunywa juisi ya maembe kwa jagi, kwa kuwa matunda ni afya. Nusu saa ya kutembea hakuikosa hata siku moja: dakika kumi na tano kwenda kwa muuza mikate, dakika kumi na tano kurudi, na mkono mmoja siku zote ukirudi na mfuko. Akianza kula anaketi mezani kama alivyoagizwa. Akiinuka ndipo anaendelea.

Mke aliyaona yote haya, na aliyasema, mwanzoni.

"Baba watoto, daktari alisema nusu sahani, hakusema sinia."

"Suruali ilisema nini Jumamosi?"

Jibu analijua: ni sindano yake mwenyewe ya kushonea. Kila Ijumaa, Fundi akiwa kwa kinyozi, anafumua, anaachia upana wa punje ya mchele, anashona. Alijua anafanya nini. Kila wiki alijiapiza kwamba hii ndiyo ya mwisho, na kila wiki alikumbuka sura ile ya kitandani, kifungo wazi, na mkate mzima, akaogopa. Aliogopa ugomvi kuliko ugonjwa. Ugomvi uko chumba hiki hiki, ugonjwa bado uko njiani.

Wifi yake, dada wa Fundi, alizidi kuharibu. Alikuwa akiuza majani ya kupunguza unene kwenye pakiti za kijani, yeye mwenyewe akipita mlangoni kwa ubavu. Alimpa kaka yake pakiti mbili, na Fundi alipomwonyesha suruali inavyofunga, wifi akaanza kumtangaza kwa wateja wake kuwa ndiye shahidi. Watu wakaja dukani kumtazama. Fundi aliinua shati, akawaonyesha kifungo, akawahubiria juu ya ulafi na jinsi binadamu wa siku hizi wasivyojizuia. Mteja mmoja mnene alitoka pale ameinamisha kichwa. Mkewe, sindano mkononi, aliona aibu mpaka masikio yakamwaka. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na yeye ndiye aliyekuwa akikishona humo.

Ijumaa ya kumi na mbili alifumua akakuta akiba imekwisha. Aliachia nyuzi zilizobaki, akashona ukingoni kabisa, akiomba kitambaa kivumilie hadi Jumatatu, siku ya kurudi kwa daktari.

Jumatatu Fundi aliivaa. Alipanda kwenye mizani ya kliniki na kifua mbele. Daktari akasoma, akainama, akasoma tena.

"Mia moja na tisa. Na sukari imepanda zaidi ya ile ya kwanza."

Fundi alitabasamu. "Daktari, hiyo mashine yako ipeleke kwa fundi. Mimi nimepungua. Suruali hii miezi mitatu iliyopita ilikuwa haifungi."

Daktari hakubishana. Alivua viatu, akapanda mwenyewe. "Hamsini na nane," alisema. "Ndizo nilizonazo siku zote."

Fundi akarudia habari ya suruali, safari hii kwa sauti ya mtu anayedai haki yake, na mkewe akaona kwamba ataondoka pale na ugonjwa wake, amelaumu mashine, na kesho atakwenda kwa muuza mikate. Akaona kidole cha mguu cha baba yake.

"Mashine ni nzima," alisema. "Suruali ndiyo mbovu. Nimekuwa nikiipanua kila Ijumaa."

Akaeleza yote, kuanzia mkate na jemu. Alilia, na akamwomba mumewe msamaha mbele ya daktari. Alisubiri afokewe; alikuwa tayari. Lakini Fundi alikuwa akikagua kucha zake, na usoni mwake hapakuwa na hasira wala mshangao.

Daktari ndiye aliyemtazama, akaelewa kwanza. "Baba, ulikuwa unajua?"

Fundi alikohoa. "Daktari, mimi ni fundi miaka thelathini. Mshono wa mke wangu naujua nikiwa nimefumba macho. Anarudia mara mbili mwishoni, hawezi kuacha."

"Tangu lini?" mkewe aliuliza.

"Tangu Jumamosi ile ya pili."

"Sasa kwa nini hukusema?"

Fundi alimtazama kama anayeulizwa jambo la mtoto. "Ningesema, ungeacha."

Mke aliacha kulia. Zile Ijumaa zote, masikio kwenye mlango, zile nyimbo, yale mahubiri kwa wateja. Alikasirika kama ambavyo hakuwahi kukasirika katika ndoa ile, na hasira ikamkausha macho.

Daktari aliandika, akamwita muuguzi. Muuguzi akaja na trei: kichupa, pamba, sindano fupi. Kwa mazoea yake akasogeza kiti karibu na mke. "Mama, njoo nikuonyeshe. Nyumbani wewe ndiye utakayekuwa unamchoma."

Fundi naye alikuwa ameshageuka kumtazama mkewe, ameinua shati tayari, anamngoja.

"Mwonyeshe yeye," mke alisema. "Mimi nimeacha."

Muuguzi akasita, kisha akageuza trei upande wa Fundi. Akamwambia abane nyama ya tumbo kwa vidole viwili. Vidole viwili havikutosha. Fundi akatumia kiganja kizima, akaishika sindano kwa mkono mwingine, huku mkewe ameketi na mkoba mapajani, anamtazama, hasogei.