Jiwe ya malakiti mu mayi ya chumvi

Bantu ya Bel-Air, mutaa yetu, banasema Hortense anachunga samaki kama batoto. Baseme. Mi nilikuwa na poisson-clown mbili mu akwariumu, ku salon ya nyumba yetu, samaki ya rangi ya machungwa yenye mistari nyeupe, ya mayi ya chumvi, hapa Lubumbashi kwenye bahari haiko ata karibu. Kuichunga si muchezo. Mayi ya robinet, ile ya bomba, inaiua, chumvi ya kupikia inaiua. Chumvi yake ya kweli ilikuwa inapitia ku mupaka ya Mokambo mu ndoo, na Guelor, mwenye kuniuzisha samaki, njo alinifundisha kuipima. Courant, umeme ile, ikikatika, mashini ya hewa inasimama. Basi nilikuwa naikala pale na kopo, nachota mayi namwanga, nachota namwanga, mpaka mukono inakufa ganzi. Samaki mbili ya kwanza ilinifia sababu niliitilia mayi ya kisima. Mi niko na kichwa nguvu, nikaanza tena.

Casimir, bwana yangu, ni chimiste. Kazi yake, asubuhi mpaka mangaribi, ni kupima mukuba, ile shaba ya mu migodi, iko kiasi gani mu mayi. Tuko na miaka kenda ya ndoa, batoto hatuna. Alikuwa ananung'unika juu ya courant ya akwariumu, lakini hakugusa kitu.

Siku moja ya kike ikataga mayai. Mamia, madogo-madogo, juu ya chungu ya udongo yenye niliiwekea mule mu mayi. Mama eh, nililia. Dume ilikuwa inayapepea na mapezi, ata kula inasahau. Nikaita Séphora mudogo yangu, nikaita bajirani, nikaita ata mama mukwe. Guelor akasema mayai yatapasuka kisha siku munane, nisiongeze kitu mu ile mayi.

Siku ya tano Casimir akatoka ku kazi na jiwe ya malakiti, ile ya kijani yenye kuwa na mukuba ndani, kubwa kama ngumi, mbichi, inatoa vumbi ya kijani. Kwetu Katanga malakiti njo zawadi ya heshima, unaipatia mugeni mukubwa akirudi kwao. Mi hakunipatia kitu tangu ndoa. Akasema samaki izalie pembeni ya jiwe ya inchi yetu. Nikakumbuka maneno ya Guelor, nikauliza kama mukuba ya mule ndani haitaiua.

"Hortense," akasema, "chimiste ni mi ao ni we?"

Nikaitia mu mayi mi mwenyewe, na mukono yangu, na furaha.

Kesho yake dume ikaacha kupepea. Siku iliyofuata mayai yakakuwa meupe, samaki ikapumua mbio-mbio, ikalala ubavu. Nilibadilisha mayi mara tatu, jiwe niliiacha mule. Kufika mangaribi yote mbili ilikufa. Guelor akakuya na kachupa kake ka kupimia, mayi ikageuka rangi palepale. Akasema mukuba imejaa humu, na malakiti ni mukuba, ata mutoto ya muchimbaji anajua.

Casimir alikuwa ku meza anakula bukari, ugali yetu. Nikamuuliza kitu moja tu, kama alijua. Hakukana. Angekana, labda ningemuamini, vile nilivyo mujinga.

"Ku kazi banacheka," akasema. "Banasema kwa Casimir samaki njo inazaa. Uliita bantu bote bakuye kuona. Ulitaka nifanye nini?"

Miaka kenda! Ku mwaka ya kwanza docteur alitupima bote babili juu ya uzazi. Karatasi yangu ilikuwa muzuri, ya Casimir njo haikuwa muzuri. Siku ile alilia mu motokari, akaniomba nisiambie muntu, na sikuambia. Mama yake aliniita mugumba ku matanga, aliniita mugumba ku ndoa ya bantu, na mi nilikuwa nainamisha kichwa kusudi jina ya Casimir isichafuke. Nilibeba haya yake miaka kenda, yeye hakuweza kuvumilia furaha yangu siku munane. Asante ya punda ni mateke. Nilizania ile maneno inahusu bantu bengine.

Nikafungua kabati, nikatoa karatasi yake ya docteur, nikapigia mama mukwe telefone. Casimir akasimama, bukari ingali mu vidole.

"Hortense, tafazali."

Mama mukwe akaitika.

"Mama," nikasema, "ikala chini kwanza. Niko na karatasi ya mutoto yako, nataka kukusomea."