Viboko vya Mwizi wa Sukari

Atuganile na mwanawe Lutengano walikuwa wakikusanya viazi vya mwisho kabla giza halijakolea, pale mgongo wa mtoto ulipoanza kuchapwa. Lutengano aliachia kikapu, akapiga magoti kwenye tuta. Shati likachanika chini ya bega la kulia, damu ikatoka. Shambani hapakuwa na mtu mwingine. Atuganile alisubiri viboko viishe, maana hakuna namna ya kuvizuia, kisha akasikia kicheko cha watu wengi kikitoka hewani juu ya viazi, na wanawake wakipiga kelele kwa Kihehe.

“Leo wanaonyesha Iringa,” alisema.

“Ndiyo, mama.”

Akamwinua, wakaenda nyumbani.

Mambo hayo yalianza baada ya Edmund Kalinga kupita Isongole na gari la watu wa picha, mwaka wa hamsini na nne. Edmund alikuwa mwalimu wa misheni kule Iringa, akaacha chaki na kuanza kutafuta watoto wa kuigiza kwenye sinema. Alizunguka mashuleni na makanisani, akiwashika watoto kidevu taratibu na kuwageuza wautazame mwanga. Akimpenda mmoja, alisema, “Huyu ana sura ya picha. Huyu atajulikana.” Hakuwa mwongo. Aliamini kwamba mtoto wa mkulima akionekana mara moja kwenye shuka jeupe, hatashika jembe tena.

Lutengano alichaguliwa kwa sababu aliweza kulia akiambiwa lia, na kunyamaza akiambiwa nyamaza. Atuganile alikubali. Mumewe Sedekia alikwenda kwenye migodi ya shaba wakati mtoto anaanza kung’oka meno ya utoto, na tangu hapo hakuleta hata salamu. Atuganile alitaka mwanawe apate njia nyingine ya kuwa mwanamume.

Picha yenyewe ilikuwa ya mafunzo. Mtoto anaiba sukari dukani, anachapwa mbele ya watu, anatubu, anakua, anakuwa fundi cherehani. Fundi cherehani aliigizwa na mtu mwingine. Wa kuchapa alikuwa askari wa kweli, jina lake Didas, mtu mpole. Kwanza alipiga polepole. Bwana wa kamera, Mzungu, akatikisa kichwa, akasema huko ni kukung’uta mkeka. Edmund akachuchumaa mbele ya mtoto.

“Vumilia, mwanangu. Ukilia kabla sijainua kidole, itabidi turudie.”

Lutengano hakulia mpaka kidole kilipoinuka. Ilibidi warudie hata hivyo, kwa sababu wingu lilipita mbele ya jua. Mara ya pili Didas alipiga mpaka shati likachanika, na Bwana wa kamera akafurahi. Mtoto alirudishwa nyumbani na blanketi jipya, na ratili ya ile sukari aliyoiiba.

Vidonda vilipona. Picha ikapelekwa Ulaya kutengenezwa, na iliporudi na kuonyeshwa mara ya kwanza, Tukuyu, vikafumuka.

Kijijini hakuna aliyeshangaa sana. Mzee wa kanisa, Saulo, alimtoa Lutengano katikati ya kwaya akamweka kwenye benchi la mlangoni, ili ibada ya jioni isivurugike. Mwalimu wa shule alimruhusu asome amesimama. Watoto wa jirani walikuja magharibi kusikiliza kile kicheko na kubishana ni cha kabila gani. Atuganile alijifunza kumvua mwanawe shati mapema, maana nguo zilikuwa zinaisha.

Kisha zikaja jioni ambazo viboko vilikuja kwa mikupuo miwili, vya pili vikianza kabla vya kwanza havijaisha, na vicheko vikagongana. Picha ilikuwa imetolewa nakala. Jioni ya namna hiyo mtoto alijiuma ulimi mpaka ukakaribia kukatika. Kesho yake Atuganile alifunga mzigo, wakapanda lori la pareto kwenda Iringa.

Walimkuta Edmund kwenye chumba nyuma ya duka, karibu na soko, akiwa na watoto waliopangwa mstari. Alikuwa akiwafundisha kuanguka. Mmoja alianguka vizuri, akamsifu. Halafu akainua shati la Lutengano, akatazama mgongo, na machozi yakamlengalenga.

“Nilikuambia atajulikana,” alisema.

“Nimeona, Mwalimu. Sasa viondoeni viboko.”

“Nilikwisha mwuliza Bwana wa kamera. Anasema picha ikitolewa viboko, inabaki bila fundisho.”

“Basi ichomeni.”

“Ipi, mama? Ziko nyingi. Hata mimi sijui zimefika wapi.”

Jioni hiyo gari la sinema lilisimama uwanjani, shuka likafungwa kwenye nguzo mbili, na watu wakajaa. Didas ndiye aliyelinda. Mkono wake wa kulia alikuwa ameukaza kiunoni kwa mkanda wa ngozi. Alimtambua mtoto, akashindwa kumtazama.

“Mama, huu mkono haunisikii,” alimwambia Atuganile. “Picha ikifika pale, unakwenda wenyewe. Mke wangu amekwisha rudi kwao, Igowole.”

“Pole, baba,” alisema Atuganile.

Picha ilipofika dukani, mtoto alipoweka sukari mfukoni, Atuganile aliinuka, akapita katikati ya watu, akasimama mbele ya mwanga. Alikuwa amejifunga kitambaa cheupe cha kanisani kutoka kichwani hadi magotini, na duka lote likahamia kifuani mwake. Watu wakapiga kelele, toka, toka hapo mbele! Akatupiwa bunzi la hindi, kisha jiwe. Jiwe likampasua juu ya jicho. Akapanua mikono ili mwanga usipite pembeni.

Mkanda wa Didas ukakatika. Mkono ulimvuta uwanjani kama mtu anayevutwa na fahali, na kiboko kilikuwa kimeshashikwa. Alimchapa Atuganile begani, shingoni, usoni, kwa mapigo yaleyale ya kwenye picha, huku akilia na kuomba msamaha. Kitambaa kikageuka chekundu, na mtoto aliyekuwa akichapwa juu yake hakuonekana vizuri tena. Watu wakacheka pale wanapocheka siku zote.

Atuganile alimtafuta mwanawe kwa lile jicho lililobaki wazi. Lutengano alikuwa ameketi karibu na gurudumu la gari, kifua wazi, na mgongo wake ulikuwa mkavu. Aliona hivyo waziwazi. Alikuwa bado anaona hivyo wakati Edmund na wanaume wawili walipomkamata miguu na mikono, wakambeba nje ya mwanga. Viboko vilivyobaki vikamwangukia mtoto.

Bwana wa kamera alishuka garini, akamletea Atuganile leso ya kufutia damu. Akasema maneno mengi na Edmund, akimtazama Atuganile kwa makini.

“Anauliza kama umewahi kuigiza,” Edmund alitafsiri kwa sauti ndogo. “Anasema amekuwa akitafuta mama wa namna hii.”

“Mwambie nimesikia,” alisema Atuganile, na asubuhi wakapanda lori la kurudi.

Ikapita mvua ya kwanza. Jioni moja kicheko kilichoingia nyumbani kilikuwa cha lugha wasiyoijua, cha wanaume peke yao. Lutengano alikuwa amelala kifudifudi, akiumia. Katikati ya kelele ile sauti moja ikapanda kwa Kinyakyusa: “Huyo mwanangu! Mnamwona? Mwanangu wa kumzaa!” Ikafuata sauti ya watu wakimpiga mtu mabegani kwa pongezi.

Mtoto akainua kichwa. “Ni baba?”

“Ni yeye.”

“Ameniona.”

“Amekuona,” alisema Atuganile, akaendelea kumkanda kwa maji ya uvuguvugu.

Tangu siku hiyo Lutengano hakujificha tena ndani jua likizama. Alivua shati mwenyewe, akakaa kizingitini, mgongo umeelekea nje, akasubiri.

Wakati wa kuchuma pareto gari la watu wa picha lilirudi Isongole. Safari hii Edmund alimchagua Marta, binti wa jirani, kwa picha ya mtoto anayechezea moto. Atuganile alikwenda kuwaambia wamfiche. Mama Marta alimsikiliza mpaka mwisho, huku akimpaka binti yake mafuta miguuni.

“Wako anajulikana mpaka migodini,” alisema. “Wangu akae tu anachuma maua?”

Gari likaondoka, Marta akipunga mkono dirishani, na watoto wakilikimbiza hadi barabarani. Vumbi lilipotulia, Mama Marta alivuka ua, akasimama mlangoni kwa Atuganile.

“Mwenzangu,” alisema, “kwa moto, nitayarishe nini?”

Atuganile alifikiri. Akamwambia atoe nyasi zote kitandani, mtoto alale kwenye udongo mtupu, na mtungi wa maji usikae mbali naye.

“Ndaga, asante,” alisema Mama Marta. Akarudi kwake, akaanza kutoa nyasi.